UZI: Kutoa mafaili kwenye kompyuta ya miaka ya 1980 kwa waya wa siriali, kutoka COPY hadi Kermit

#1 WayaTatu (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Nina laptopu ya miaka ya 1980: prosesa 8088, diski ya megabaiti 20, mfumo endeshi DOS 3.3. Ilikuwa ya mama yangu. Alitafsiri na kuandika insha zake humo kwa miaka mingi, na nakala nyingine haipo popote. Wiki iliyopita niliichomeka, ikawaka. Nikahesabu mafaili 212. Nilikaa nikiitazama ile orodha kwa muda mrefu.

Hofu yangu ni diski. Kila ninapoiwasha inakwaruza kwanza ndipo inashika kasi, na sijui imebakiza kuwaka mara ngapi.

Najua wengi mtasema nifungue nitoe diski. Nimeshafungua. Kiunganishi chake si IDE ya kawaida, ni ile ya kale ya biti 8, na adapta za USB za leo haziielewi. Flopi nayo imekufa, mkanda wake wa mpira umegeuka ulimbo. Kadi ya mtandao hakuna, wala nafasi ya kuiweka. Kilichobaki ni poti ya siriali (inayotuma biti moja moja kwa waya) ya pini 9 kwa nyuma.

Upande wa pili nina kompyuta ya Linux na adapta ya USB kwenda siriali. Nilichofanya hadi sasa:

Nilitengeneza kebo ya waya tatu, nikaandika `COPY INSHA1.DOC COM1:`. Ikaniletea "Write fault error writing device COM1". Nikaazima kebo nyingine yenye waya nyingi, ikapita. Linux nilikuwa napokea kwa `cat`, amri inayomimina tu kinachofika. Faili la kwanza lilifika likiwa limekatika. La pili likakatika pia, na nikilitazama naona limekatika pale pale penye kichwa cha sura. La tatu lilifika lote, lakini herufi ya mwisho ya karibu kila neno imegeuka kidude cha ajabu. "Kwamba" inasomeka "kwamb" halafu uchafu.

Ni waya, ni kasi, au diski yenyewe imeanza kuoza? Naomba mnisaidie kabla sijaiwasha tena.

---

#2 Nukta8

Pole mkuu, na hongera kwa kuacha kuiwashawasha. Diski yako huenda haina kosa lolote kwa haya uliyoeleza. Nianze na kebo.

COPY ya DOS haigusi poti yenyewe, inaiomba BIOS, programu ya msingi iliyo ndani ya mashine. Na BIOS, kabla ya kutoa hata herufi moja, inasubiri pini mbili ziwe hai: DSR na CTS. Maana yake "kifaa kipo" na "ruksa, tuma". Kebo yako ya waya tatu ina kutuma, kupokea na ardhi tu, kwa hiyo hizo pini mbili hazikupata kitu. BIOS ikasubiri, ikachoka, ikakurudishia kosa la kuandika. Kebo ya pili inazo.

Suala la kukatika ni zito zaidi na lina uzuri wake. Kwenye Linux, poti ya siriali usipoiambia vingine inadhani upande wa pili ameketi mtu anayechapa kwenye kibodi. Kwa hiyo herufi fulani inazichukulia kuwa amri. Namba 04, yaani Ctrl-D, ikija mwanzoni mwa mstari inaeleweka kuwa "nimemaliza", na `cat` inafunga. Namba 13 kwa heksa (hesabu ya msingi wa 16), yaani Ctrl-S, ni "nyamaza kidogo", na inamezwa, haifiki kwenye faili lako.

Sasa niambie, mama alikuwa akiandika kwa programu gani?

---

#3 WayaTatu

WordStar, ile programu ya zamani ya kuandikia. Kwani ina uhusiano gani?

---

#4 Nukta8

Ndiyo maana vichwa vya sura vinakata faili.

WordStar huweka alama za mwandiko ndani ya maandishi kwa herufi zilezile za amri. Wino mzito ni 02. Kupigwa mstari chini ni 13 kwa heksa. Kupigwa chapa mara mbili ili herufi ikolee ni 04. Mama yako alikuwa akikoleza vichwa vya sura kwa Ctrl-D, na kichwa huanza mwanzoni mwa mstari. Linux ikapokea 04 mwanzoni mwa mstari, ikaona mtu kaaga, ikafunga mlango. Na kila neno alilolipigia mstari lilipoteza alama zake njiani bila wewe kujua. Hilo ndilo baya zaidi, maana faili la tatu umeliita zima, na huenda si zima.

Waya haujui lipi ni andiko na lipi ni amri. Vyote ni namba zinazopita. Ukitaka kuendelea na `cat`, angalau andika kwanza:

`stty -F /dev/ttyUSB0 9600 raw -echo`

na upande wa DOS tumia `COPY /B`, la sivyo COPY nayo itasimama ikikuta 1A. Lakini nakusihi usiishie hapo. Hata hivyo vikikaa sawa, herufi moja ikipotea kwenye waya hakuna atakayekuambia.

---

#5 MzeeWaModemu

Kijana, hayo maneno yanayoharibika herufi ya mwisho si uharibifu. WordStar ya zamani huwasha biti ya nane, ile ya juu kabisa katika baiti, kwenye herufi ya mwisho ya neno, ni alama yake ya ndani ya kupanga mistari. Herufi "a" ni 61 kwa heksa, ikiwashwa biti ya nane inakuwa E1. Kiswahili hakina herufi zenye vistari wala nukta za juu, kwa hiyo popote utakapoona namba ya juu ya 7F kwenye insha hizo, ujue ni ya WordStar, haikuandikwa na mama yako. Itasafishwa baadaye. Sasa hivi usisafishe chochote, toa kila kitu kama kilivyo.

Nakubaliana na Nukta8 kwamba kutuma ovyo hakufai. Tatizo lako walilikuta watu mwaka 1977. Ward Christensen wa Chicago alitaka kuhamisha yaliyomo kwenye flopi zake kwa modemu, akaandika programu ambayo utaratibu wake wa kutuma ulikuja kuitwa XMODEM. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Februari 1978, yeye na Randy Suess walifungua CBBS, ubao wa matangazo wa kwanza wa kupigiwa simu kwa kompyuta. XMODEM ikaenea kwa sababu mtu aliweza kuielewa na kuiandika upya jioni moja.

Inavyofanya kazi: mpokeaji ndiye anayeanza. Anatuma NAK ("sijapata"), namba 15 kwa heksa, kila baada ya sekunde 10, kama mtu anayebisha hodi. Mtumaji akiisikia anatoa kipande: herufi ya kuanzia 01, namba ya kipande, kisha namba hiyohiyo ikiwa imegeuzwa, yaani 255 ukitoa namba yenyewe, kisha baiti 128 za faili, kisha jumla ya ukaguzi ya baiti moja. Jumla ni baiti 132. Mpokeaji naye anajumlisha. Zikilingana anajibu ACK ("nimepata"), 06. Zisipolingana anajibu NAK, na kipande kilekile kinarudiwa. Mwisho mtumaji anatoa 04, mpokeaji anakubali, wameachana.

Kwa nini 128? Ndiyo sekta ya flopi ya CP/M, mfumo endeshi uliotangulia DOS, ilivyokuwa. Na ndiyo sababu faili lililopita XMODEM huongezewa 1A mwishoni hadi lijaze kipande.

Nimeitumia miaka mingi na naipenda, lakini nitakuambia udhaifu wake. Ile jumla ni kujumlisha tu. Baiti mbili zikibadilishana nafasi, jumla haibadiliki, na kosa linapita. Baadaye wakaweka CRC ya biti 16, ukaguzi mkali zaidi. Mpokeaji anaiomba kwa kubisha hodi na herufi C badala ya NAK. Ukitumia XMODEM, tumia hiyo.

---

#6 MtandaoKwanza

Wakuu, yote haya ya nini? Tafuteni FTP, ile ya kuhamisha mafaili kwenye mtandao, dakika tano kazi imekwisha. FTP ni ya zamani kuliko hiyo XMODEM yenu.

---

#7 Nukta8

Ni kweli ni ya zamani kuliko. Rasimu yake ya kwanza ni RFC 114 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya mwaka 1971, na hii tunayoijua ni RFC 959 ya 1985. Lakini FTP inataka chini yake pawepo TCP ambayo imeshahakikisha kila baiti imefika kwa mpangilio. FTP yenyewe haikagui kitu. Mkuu ana waya mtupu, prosesa 8088 na DOS isiyo na programu yoyote ya mtandao. Hana hiyo sakafu.

Na hata pale FTP inapofaa, ina mtego uleule tunaouzungumzia. Ukituma kwa hali ya maandishi inabadilisha miisho ya mistari: DOS hutumia herufi mbili, CR (0D) na LF (0A), Unix LF peke yake. Faili la picha au programu likipita hivyo linaharibika. Watu wengi wamepoteza kazi zao kwa kusahau kuandika `binary` kabla ya `get`.

---

#8 Pakiti94

Mkuu WayaTatu, nenda Kermit, utaratibu mwingine wa kuhamisha mafaili kwa waya. Kwa shida yako hii hasa, sioni nyingine.

Kermit ilianzia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1981, mikononi mwa Frank da Cruz na Bill Catchings. Wanafunzi walikuwa na nafasi finyu kwenye kompyuta kubwa ya chuo, wakahitaji kuhamishia kazi zao kwenye flopi za kompyuta ndogo. Shida ni kwamba baadhi ya kompyuta kubwa hazikubali baiti yoyote tu ipite kwenye laini. Nyingine zinakata biti ya nane, nyingine zinakula herufi za amri, za IBM hazitumii hata jedwali la herufi la ASCII. XMODEM inadai laini safi ya biti 8 isiyogusa kitu. Kermit ilijengwa kwa kudhani laini ni adui.

Kwa hiyo inafanya hivi: herufi ya amri haitumwi ikiwa uchi. Inageuzwa kuwa herufi ya kawaida na kuwekewa alama # mbele. Ile 04 ya vichwa vya sura vya mama yako inasafiri ikiwa #D. Ile 13 ya mistari ya chini inasafiri #S. Ile 1A inayosimamisha COPY inasafiri #Z. Linux haiwezi tena kuidhania amri, kwa sababu kinachopita ni herufi mbili za kawaida. Mpokeaji anazirudisha kama zilivyokuwa. Kama laini ni ya biti 7, herufi zenye biti ya nane zinapewa alama & mbele, nazo zinapita.

Hata urefu wa pakiti unaandikwa kwa herufi moja inayochapika. Ndiyo maana pakiti ya kawaida ya Kermit ina kikomo cha 94: unaongeza 32 kwenye namba, na herufi ya mwisho inayochapika kwenye ASCII ni 126. Jina langu hapa jukwaani limetoka hapo.

Pakiti zenyewe zina aina. S ya kuanza na kukubaliana masharti, F yenye jina la faili, D ya data, Z ya mwisho wa faili, B ya kuaga. Kwa sababu jina linasafiri na faili, unaweza kutuma yote 212 kwa amri moja. Kwa XMODEM ungeandika jina la kila faili pande zote mbili, mara 212, huku diski inakwaruza.

---

#9 WayaTatu

Mzee shikamoo, na wote asanteni. Nimesoma mara mbili na sasa naelewa nilichokuwa nakiona.

Swali: Kermit nitaiingizaje kwenye laptopu? Flopi imekufa. Njia pekee ya kuingiza kitu ni waya uleule ambao bado siuamini.

---

#10 Pakiti94

Waliotengeneza Kermit walilijua hilo. Kermit ya DOS ilisambazwa pia ikiwa faili la .BOO: programu nzima imegeuzwa kuwa maandishi ya kawaida, kila baiti tatu zinakuwa herufi nne, na misururu ya sifuri inafupishwa. Pamoja nalo kuna programu ndogo ya lugha ya BASIC, MSBPCT.BAS, ya kuligeuza tena kuwa .EXE.

Angalia kama kuna GWBASIC.EXE kwenye diski. Ikiwepo, chapa kwa mkono programu fupi: ifungue COM1 kwa `OPEN`, isome mstari mmoja kwa `LINE INPUT #`, iuandike kwenye faili, irudie. BASIC ina faida moja juu ya COPY: herufi ikifika inakatiza prosesa ili ichukuliwe papo hapo na kuhifadhiwa kwenye bafa (kumbukumbu ya muda), hivyo diski ikiandika herufi hazimwagiki. Tumia biti 1200 kwa sekunde, usiwe na haraka. Na upande wa Linux kila mstari uishe kwa CR peke yake, bila LF.

---

#11 Zeta

Naheshimu Kermit, ila mbona hamumtajii ZMODEM? Chuck Forsberg aliitengeneza mwaka 1986 kwa ufadhili wa Telenet. Haisubiri ACK kila kipande, inamwaga data mfululizo na inarudi nyuma pale tu mpokeaji akilalamika. Jina na ukubwa wa faili vinasafiri humo. Ina CRC ya biti 32. Laini ikikatika katikati, unaendelea ulipoishia. Kwenye Linux unaandika `sz` au `rz`, hadi leo ipo. Kermit ya pakiti 94 inasubiri jibu kila hatua, ni kobe.

---

#12 Pakiti94

Kermit imekua pia. Kuna pakiti ndefu hadi 9024 na dirisha la pakiti 31 zinazotumwa bila kusubiri. Wengi walioiita kobe waliijua kwa mipangilio ya mwanzo tu.

Lakini tuzungumzie mashine ya mkuu. Chipu ya siriali ya laptopu ya enzi hiyo ni 8250 au ndugu yake, na ina nafasi ya kushika baiti moja tu iliyofika. Kwa biti 9600 kwa sekunde, baiti mpya inakuja takriban kila milisekunde moja. Kwa 115200 inakuja kila maikrosekunde 87. Prosesa 8088 isipoichukua ile ya kwanza kabla ya pili kufika, ya kwanza imekwenda. Chipu ya 16550A iliyokuja baadaye ina foleni ya baiti 16, na hiyo ndiyo iliyofanya kasi kubwa ziwezekane kwa raha. Kwa hiyo kasi ya ZMODEM haitamsaidia. Anachohitaji ni kitu kisichokosea kwa 9600.

---

#13 Zeta

Sawa, kwa mashine hii nakubali. Kwa modemu za simu bado nasimama na ZMODEM.

---

#14 SwichiNaRuta

Wakuu, niingie kidogo, maana kuna wanaodhani haya yamezikwa. Mimi ni fundi wa mitandao. Swichi ikiharibikiwa na mfumo wake, haina anwani, haina mtandao, haina chochote isipokuwa poti ya konsoli, ambayo nayo ni ya siriali. Nyingi zinapokea mfumo mpya kwa XMODEM kupitia hapo. Bodi ndogo zenye U-Boot (programu ya kuziwashia) nazo zina `loadx` kwa XMODEM, `loady` kwa YMODEM na `loadb` kwa Kermit.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo peke yangu nilituma faili la megabaiti 8 kwa 9600. Piga hesabu: kila baiti inabeba biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hiyo 9600 ni baiti 960 kwa sekunde. Saa mbili na dakika 25, bila kuhesabu majibu ya ACK. Dakika ya mia na kitu nikaisogeza laptopu yangu, adapta ya USB ikachomoka. XMODEM haijui kuendelea. Nilianza upya, watu wote wa jengo hawana mtandao. Siku hiyo ndipo nilipojifunza kupandisha kasi ya konsoli hadi 115200 kabla ya kuanza. Hesabu ileile inakuwa dakika 12.

Na pale ambapo mtandao upo lakini mfumo haupo, TFTP, FTP iliyorahisishwa, ndiyo inayotuokoa. RFC 1350, poti 69 ya UDP, vipande vya baiti 512, kila kimoja kinasubiri jibu. Ni XMODEM iliyovaa nguo za mtandao, ukiitazama vizuri. Kipande kifupi kuliko 512 ndicho kinachosema faili limekwisha. Haina nywila, kwa hiyo usiiache wazi ovyo.

---

#15 WayaTatu

MREJESHO.

GWBASIC ipo! Niliwasha mashine jana jioni na sikuizima tena hadi nilipomaliza, kwa hofu ya ile diski.

Nilichapa mistari minane ya BASIC. Mara ya kwanza mistari iliingia ikiwa imeunganika, kwa sababu nilikuwa natuma LF peke yake mwishoni. Nikarekebisha kama Pakiti94 alivyosema, CR tu. MSBPCT.BAS ikaingia, nikaipitia yote kwa macho kwenye skrini kabla ya kuiendesha. Kisha faili la .BOO, ambalo kwa 1200 lilichukua muda mrefu. Kuligeuza nako kulichukua muda, 8088 haina haraka. Lakini karibu na alfajiri niliandika KERMIT, na ikaniletea kidokezo chake. Nilisimama.

Upande wa Linux nilitumia C-Kermit, Kermit ya Unix na Linux:

`set line /dev/ttyUSB0`
`set carrier-watch off`
`set speed 9600`
`set flow none`
`set file type binary`
`receive`

Upande wa DOS nikaweka kasi hiyohiyo na `send *.*`. Nilianza na saraka ya insha, kwa sababu kama diski ingekufa katikati nilitaka hizo ziwe zimeshatoka. Jumla ni karibu megabaiti mbili na nusu. Kinadharia ni dakika 45, kwangu ilikaribia saa mbili. Kaunta ya majaribio ya kurudia ilisogea mara sita. Yaani mara sita kitu kilipotea kwenye waya, na mara sita kikaombwa tena. Kwa COPY ningekuwa na makosa sita nisiyoyajua.

Mafaili 209 kati ya 212 yapo kwangu. Matatu DOS yenyewe inasema "Data error reading drive C".

---

#16 Nukta8

Hongera sana mkuu! Sasa jambo moja muhimu. Kermit imehakikisha kwamba kilichosomwa kwenye diski ndicho kilichofika. Haiwezi kujua kama diski ilisoma sawasawa. Kama mashine bado inawaka, toa mafaili yote mara ya pili kwenye saraka nyingine, kisha linganisha moja moja kwa `cmp`. Diski inayozeeka inaweza kukupa majibu tofauti kwa swali lilelile.

Yale matatu, jaribu mashine ikiwa baridi, kisha ikiwa moto. Ukipewa "Abort, Retry, Fail" jibu R hata mara ishirini.

---

#17 MzeeWaModemu

Na kuhusu kusafisha, usikimbilie kufuta biti ya nane. Utajutia. WordStar ina miisho miwili ya mstari. Ule alioubonyeza mama mwenyewe mwisho wa aya ni 0D 0A. Ule uliowekwa na programu ili mstari uenee kwenye ukurasa ni 8D 0A. Tofauti yao ni hiyo biti ya nane tu. Ukiifuta kwanza, aya zake zote zitageuka mistari mifupi na hutajua tena aya iliishia wapi.

Kwa hiyo kwanza badilisha kila jozi ya 8D 0A iwe nafasi. Kisha ndipo:

`tr '\200-\377' '\000-\177' < INSHA1.DOC > insha1.txt`

Fanyia hayo kwenye nakala. Mafaili ya asili yaache yalivyo, milele.

---

#18 WayaTatu

MREJESHO WA PILI.

Nimetoa mara mbili, `cmp` imenyamaza kwa mafaili 208. Moja lilitofautiana baiti chache, nikalitoa mara ya tatu na ya nne, zote mbili zikalingana na la kwanza. Nimehifadhi matoleo yote.

Kati ya yale matatu, mawili yalikubali asubuhi mashine ikiwa baridi, moja baada ya R kumi na saba. La tatu lilikuwa faili la muda la WordStar, halina kitu ninachokihitaji.

Mzee, nilifuata mpangilio wako na aya zimekaa. Nimeandika pia programu ndogo inayogeuza 04 na 13 kuwa alama za wino mzito na mstari wa chini, nisipoteze alichokuwa amekisisitiza. Kwenye tafsiri zake nimegundua kwamba kila neno alilolipigia mstari ni neno ambalo hakuridhika nalo. Pembezoni mwa aya, kwenye mabano, ameandika machaguo mengine mawili au matatu. Yote hayo `cat` ilikuwa inayala.

---

#19 Kitufe

Wakuu, nimefuata uzi kimyakimya tangu mwanzo. Nina mashine ya CP/M ya marehemu babu, ila poti yake ni ya pini 25. Naweza kutumia kebo ileile ya WayaTatu na adapta ya kubadilisha pini?

---

#20 MzeeWaModemu

Kuwa mwangalifu hapo. Kwenye pini 9 za kompyuta, 2 ni kupokea na 3 ni kutuma. Kwenye pini 25 ni kinyume: 2 ni kutuma, 3 ni kupokea. Kwa hiyo ukiunda mwenyewe kebo ya pini 25 kwenda 9 ya kompyuta mbili, 2 inakwenda kwa 2 na 3 kwa 3, tayari zimeshapishana. Ardhi ni 7 upande wa 25 na 5 upande wa 9. RTS ("naomba kutuma") ya pini 25 ni 4, ipeleke kwenye CTS ya pini 9 ambayo ni 8. CTS ni 5, ipeleke kwenye 7. DTR ("niko tayari") ni 20, ipeleke kwenye 6 na 1 kwa pamoja. Kutoka upande wa 9, pini 4 irudi kwenye 6 na 8 za upande wa 25.

Hiyo ni kama poti ya babu imefungwa kama kompyuta. Mashine nyingi za CP/M zilifungwa kama modemu, kwa ajili ya kuunganishwa na kiweko (skrini na kibodi), na hapo kila kitu kinageuka. Pima kwanza kwa mita, mashine ikiwa imewashwa na kebo haijachomekwa: kati ya ardhi na pini ya kutuma utakuta volti hasi, kuanzia 3 hadi 15. Ile isiyo na kitu ni ya kupokea. Na usiunganishe moja kwa moja na bodi ndogo za kisasa za volti 3.3, utaziunguza.

Ukishapima, andika hapa ulichokuta kwenye 2 na 3, na jina la diski alizotumia babu.